Unakwenda Wapi?

Wazee walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilishapewa zamani. Huu ni mwaka wa kumi na nne nakaa Seven Hills, magharibi mwa Sydney. Wanangu wamesoma hapa, na rafiki yangu mmoja nimemzika hapa. Hata hivyo haipiti wiki bila mtu kuniuliza, dukani au kwenye foleni ya duka la dawa: unatoka wapi? Huuliza kwa wema, na mimi hujibu kwa wema kwamba natoka Tabora. Kuanzia hapo tunazungumza habari za Tabora, na mimi mwenyewe nimeshatoka kwenye mazungumzo.

Mahali ambapo swali hilo halinitangulii ni kwenye baa ya stesheni.

Pombe situmii. Naagiza chai, na siku za joto soda ya tangawizi, kwa hiyo si bia inayonivuta. Baa ya mtaani ina wenyewe: kiti kile cha fulani, kona ile ya wapenzi wa timu fulani, na ukiingia vichwa vinageuka. Baa ya stesheni haina wenyewe. Kila mtu ana begi miguuni na jicho moja kwenye ubao wa ratiba. Hata anayemimina vinywaji, zamu yake ikiisha atavua aproni apande treni kama sisi. Na pasipo mwenyeji, mgeni atatoka wapi? Watu wanakuuliza unakwenda wapi. Ukijibu, wanakukadiria muda uliobaki, na mazungumzo yanakatwa yatoshe humo.

Nililijua jambo hili kabla ya kujua kwamba nalijua. Tabora ni mji wa reli. Wajerumani waliifikisha huko mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likaja mwaka 1928. Tulipokuwa wadogo, garimoshi la kutoka Dar es Salaam lilichelewa mpaka neno kuchelewa likakosa maana. Watu walitandika kanga kwenye jukwaa wakalala. Hoteli ya Reli ilikuwa kwa wenye uwezo. Sisi wengine tulikuwa na mama wauza chai na ndoo zao, na taa za chemli zilizopangwa chini kama mstari wa pili wa reli. Muha, Msukuma na Mmanyema waligawana mhogo wa kuchoma na kuulizana safari. Asubuhi kila mmoja alishika njia yake. Sikumbuki jina la mtu hata mmoja, lakini sauti zao nazikumbuka.

Baadaye, nikiwa mwanafunzi, nilipanda TAZARA kutoka Dar kwenda Mbeya. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860 mpaka New Kapiri Mposhi, Zambia, na Wachina walitusaidia kuijenga kati ya 1970 na 1975. Katika behewa la baa niliketi na mfanyabiashara wa Kizambia, mwanamume wa umri wa baba yangu. Alinieleza jinsi alivyogombana na mwanawe, jambo ambalo, alisema, hajamweleza hata mkewe. Nilimwita mzee, naye aliniita kijana, na hatukwenda mbali zaidi ya hapo kujuana. Nimelifikiria sana. Aliniambia kwa sababu ningeshuka Mbeya. Siri huhitaji mtu wa kuisikia na mlango wa kumtolea.

Sydney nayo ina historia yake ya reli na bia, na si nzuri yote. Februari 14, 1916, maelfu ya askari wa mafunzo waligoma kambini, wakavamia baa za Liverpool, kisha wakapanda treni kuja mjini. Ghasia ziliishia kwenye stesheni kuu, Central, ambako askari mmoja alipigwa risasi akafa. Tundu la risasi bado lipo kwenye marumaru karibu na lango la jukwaa la kwanza. Nimeligusa kwa kidole. Mwaka huohuo wananchi wa New South Wales walipiga kura baa zifungwe saa kumi na mbili jioni, na sheria hiyo ilidumu mpaka 1955. Wanaume walitoka kazini saa kumi na moja na kunywa kwa pupa, glasi juu ya glasi, mpaka kengele ilie. Kila baa ikawa na saa ya kuondoka, ila hapakuwa na treni wala safari. Naona hapo ndipo penye tofauti. Mwisho wa muda peke yake hauwapi watu utu. Katika stesheni mwisho huo una mahali unapokupeleka, na ndiyo maana mtu hunywa taratibu ingawa muda ni mfupi.

Methali nyingine husema subira yavuta heri. Nimeikubali maisha yangu yote, lakini inaifanya subira kuwa mkopo: unangoja leo ulipwe kesho. Katika baa ya stesheni heri haijaenda mbali. Ni kikombe hiki, na huyu jirani anayenionyesha picha ya mjukuu anayekwenda kumwona. Treni ikifika, heri hiyo imekwisha, na hakuna aliyedhulumiwa.

Stesheni yetu ya Seven Hills haina kitu cha namna hiyo. Unagusisha kadi, unasimama, na treni za kwenda Blacktown au mjini zinakuja baada ya dakika chache. Sina ugomvi na treni inayofika kwa wakati. Mtu aliyelala kwenye jukwaa la Tabora hawezi kuidharau. Lakini reli hii ya magharibi inaendelea kupanda Milima ya Buluu hadi Mount Victoria, ambako palikuwa na vyumba vya kula na kunywa vya shirika la reli. Abiria walishuka, wakajaa kaunta, wakaungua midomo kwa chai ya haraka. Leo vyumba hivyo ni makumbusho.

Juu ya reli hiyohiyo hupita Indian Pacific, treni ya kilomita 4,352 iendayo Perth, kwenye ile bahari inayopiga pia Dar es Salaam na Mombasa. Seven Hills haisimami. Huwa naitazama mpaka behewa la mwisho. Nyuma yake kuna mtaa wangu, juu ya ardhi ya Wadharug, ambao ndio wenyeji wa kwanza hapa na ambao walinyang'anywa mashamba na hata mahali pa kukaa. Nikikumbuka hilo, lile swali la unatoka wapi hubadilika sura. Karibu sote tunaoulizana hapa tulishuka mahali.

Jioni moja pale Central, mama mmoja mzee mwenye fimbo aliketi mezani pangu bila kuomba, kama wafanyavyo wazee wetu. Aliniuliza nakwenda wapi. Nikasema Seven Hills. Akaitikia kwa kichwa, akasema yeye anakwenda Dubbo, na treni yake ni kesho asubuhi, amewahi tu. Hakuniuliza zaidi. Lilikuwa jibu langu kamili, na lilitosha.

Ombi langu ni kwa wanaopanga stesheni, za Sydney na hizi mpya za reli ya kisasa, SGR, kwetu, ambazo ni nzuri na safi na za haraka. Ndani ya geti acheni meza chache, karibu na reli kiasi cha kulisikia tangazo, na mtu wa kumimina vinywaji, chai ikiwemo.