Jua Kwanza Kilichounguza

Kila mwaka ikifika Aprili, theluji ya huku Marekani ikishageuka tope, hunijia kijana wa kwetu na habari ileile ya kijana wa mwaka jana. Vyuo vya udaktari vimemkataa, au vimenyamaza, ambako nako ni kukataliwa, ila kwa adabu. Hata hivyo hana huzuni. Keshapata dawa: kuna shahada maalumu ya uzamili, ya mwaka mmoja tu, unasoma masomo yaleyale wanayosoma wanafunzi wa udaktari, na dirisha la maombi bado li wazi. Ananieleza hayo huku akinimiminia chai, maana anajua chai hulainisha wazee, kisha anangoja baraka.

Baraka natoa. Sijawahi kuwa mchoyo wa dua. Lakini kabla ya dua nina swali moja, lilelile nililowauliza kaka zake na dada zake wa Lowell, wa Columbus na wa Houston, ambao baadhi yao leo ni madaktari na baadhi bado wanalipa deni la mwaka ule: mwanangu, kilichokuangusha mara ya kwanza ni nini?

Hapo ndipo wengi huanza kutazama simu.

Tuielewe kwanza bidhaa yenyewe, tusije tukauziwa mbuzi kwenye gunia. Kwetu mtoto akifaulu vizuri kidato cha sita anaingia Muhimbili, anasoma udaktari miaka mitano, basi. Huku kwa kawaida sharti kwanza apate shahada ya kwanza ndipo aingie udaktari, na alama za miaka ile minne, pamoja na za ule muhula alioumwa na mapenzi, zinamfuata hadi mezani kwa kamati ya udahili. Kwa wale ambao alama zao hazikupendeza, vyuo vikabuni mwaka wa kujithibitisha. Georgetown wanao tangu miaka ya 1970, Boston University wanao, na wengine wengi wakafuata. Kijana anasoma fiziolojia, biokemia na histolojia, na katika baadhi ya programu anafanya mitihani ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari na kupimwa nao kwa mizani moja. Akifanya vizuri, ana ushahidi kwamba mzigo wa udaktari anaumudu. Ni jambo jema. Nimeliona likimwinua mtu aliyekwisha kukata tamaa.

Sasa hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Wanadhani alama mpya zitafuta za zamani. Hazifuti. AMCAS, ule mfumo ambao vyuo vingi vya shahada ya MD hupokelea maombi, huuandika wastani wa alama (GPA) wa shahada ya kwanza kwenye mstari wake, na wa uzamili kwenye mstari wake. Wali wa sufuria ya kwanza ukishaungua umeungua; unaweza kupika sufuria ya pili, ya nazi tupu, inayonukia iliki hadi kwa jirani, lakini zote mbili zitapakuliwa mkekani na mgeni ataonja kotekote. Anayetaka kuiinua ile GPA ya kwanza yenyewe hana budi kuchukua masomo mengine ya ngazi ya shahada ya kwanza, na hata hayo hupandisha kwa kijiko cha chai. Piga hesabu: mwenye krediti 120 na GPA ya 3.0, akiongeza krediti 30 za A tupu, anafika 3.2. Mwaka mzima wa kukesha, hapo ndipo ulipomfikisha. Na wanaoingia vyuo vya MD siku hizi wastani wao unakaribia 3.8, tena katika waombaji zaidi ya 50,000 kwa mwaka, wanaopata kiti ni kama 23,000.

Basi shahada hii inamfaa nani? Inamfaa yule ambaye tatizo lake ni alama peke yake, na sababu ya alama hizo anaijua, na sababu yenyewe imekwisha. Alifika ugenini na miaka kumi na minane, hajui kuomba msaada wala hajui kwamba unaombwa, sasa anajua. Aliuguza mzazi, uuguzaji ule umepita. Muhula wa mwisho alama zilikuwa zimeanza kupanda. Alama yake ya MCAT, mtihani wa kuombea udaktari, ni nzuri. Huyo namwambia nenda, tena nenda ukiwa umeshiba.

Haimfai yule ambaye MCAT ndiyo iliyomwangusha. Mtihani ule huanzia 472 na kuishia 528, wanaoingia wastani wao ni kama 512, na hakuna shahada duniani inayousahihisha isipokuwa kuurudia, nako kuna kikomo: huufanyi zaidi ya mara saba maishani. Haimfai yule ambaye hajawahi kukaa na mgonjwa. Na hapa watoto wetu hunichekesha hadi machozi, kwa sababu wao ndio matajiri bila kujua: wamejilipia ada kwa zamu za usiku kwenye nyumba za kutunzia wazee, wamewageuza, wamewaogesha, wamewashika mkono saa tisa za usiku, kisha kwenye fomu wanaandika kwamba walikuwa wenyekiti wa klabu. Andika habari za wazee wale, mwanangu. Wala haimfai yule aliyetuma maombi Oktoba, ilhali fomu zilianza kupokelewa mwanzoni mwa kiangazi na nafasi za usaili zilikuwa zikigawiwa kadiri maombi yanavyoingia. Huyo hakuhitaji uzamili. Alihitaji kalenda.

Najua kwa nini swali langu linakwepwa. Ni aibu, na aibu naielewa. Huko nyumbani, iwe Tanga, iwe Kisumu, iwe Bukavu, umeitwa daktari tangu ungali unavaa kaptula ya shule. Mama keshatangaza kwenye kikoba. Mjomba keshamwahidi jirani kwamba goti lake litatazamwa bure. Sasa kwenye kundi la simu la ukoo shangazi anauliza, mbele ya watu wote, "Daktari wetu umefikia wapi?" Ukijibu kwamba unafanya uzamili wa sayansi ya tiba, anaweka alama ya kupiga makofi na mambo yanakwisha. Ukijibu kwamba unajitathmini, simu inaita kabla hujaiweka chini. Basi mtu analipa maelfu ya dola apate la kumjibu shangazi. Sikulaumu, shangazi zetu ni wakali. Nasema tu kwamba jibu hilo ni la bei mbaya.

Maana mwaka wenyewe hauna huruma. Kijana aliyepata C za kemia kwa kuwa alikuwa akifanya zamu tatu za usiku kwa wiki ili atume pesa nyumbani, huingia kwenye programu bila kupunguza hata zamu moja. Tena ada imepanda, kwa hiyo anaongeza ya nne. Masomo yanakwenda mbio kuliko yale yaliyomshinda. Kufika Desemba ana C nyingine, na safari hii ameipata kwenye masomo ya udaktari. C ya kemia ya mwaka wa kwanza ilikuwa na utetezi: alikuwa mtoto, alikuwa mgeni, alikuwa amechoka. C ya fiziolojia, ndani ya programu iliyoundwa ili kuonyesha kwamba unaweza, haina wakili. Kamati itasoma kwamba umepimwa kwa kazi yenyewe ukashindwa. Mlango uliokuwa umerudishiwa tu unatiwa komeo, na aliyelitia ni wewe uliyekuwa na haraka.

Na haraka hiyo ina ubia na kalenda. Ukianza programu Agosti, alama za kwanza hupati hadi Desemba. Aliyetuma maombi ya udaktari Juni ile, kabla hata hajaingia darasani, ametuma jina na ahadi. Itambidi aviandikie vyuo baadaye, kwa unyenyekevu, kuviomba vitazame alama mpya, na vingine vitakuwa vimekwisha kumkataa. Anayengoja amalize, atume Juni inayofuata akiwa na alama zote mkononi, atakaa mwaka mwingine mzima akifanya kazi kabla ya kuingia. Ni miaka miwili, wala si mmoja kama tangazo linavyosema. Mimi huwashauri njia hii ya pili. Wachache hunisikia.

Sasa pesa. Programu kadhaa za namna hii ada yake peke yake inapita dola 50,000, kabla ya kodi ya nyumba na kabla ya unga. Zamani serikali ya Marekani ilikuwa tayari kumkopesha mwanafunzi wa uzamili karibu gharama yote. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeufunga mkopo ule ulioitwa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026, na sasa wa uzamili anakomea dola 20,500 kwa mwaka. Udaktari wenyewe nao umewekewa kikomo, dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, wakati miaka minne kwenye vyuo vingi inapita hapo. Pengo hilo litazibwa na benki, na benki itamtaka baba atie saini. Baba huyo, mnamjua, ana gari la mwaka wa zamani na mgongo unaouma. Kabla hajashika kalamu, mwambieni ukweli wote.

Nanyi mlioko kwa viza ya masomo, nawaambia kwa upole: vyuo vingi vya udaktari vya huku havimpokei asiye raia wala mkaazi wa kudumu, na baadhi ya vinavyompokea humtaka aonyeshe kwanza kwamba fedha zipo. Uzamili huu hautabadilisha karatasi zako. Ulizia hilo mwanzo kabisa, kwa maandishi.

Kisha nenda na macho ya mama zetu wa Kariakoo, ambao hawanunui nyanya bila kuzigeuza chini. Programu ikikwambia kwamba karibu wanafunzi wake wote huingia udaktari, uliza: karibu wote kati ya walioanza, au kati ya waliomaliza? Waliingia mwaka uleule, au baada ya kuomba mara tatu? Udaktari, au wamehesabu na meno na famasia humo humo? Je, chuo kinachoendesha programu humwita kwenye usaili mwanafunzi wake akifikisha alama fulani, na ni alama gani? Masomo ni pamoja na wanafunzi wa udaktari, au ni darasa la pembeni lenye jina zuri? Muuzaji mwaminifu hujibu haya bila kukunja uso. Akianza kukusifu wewe badala ya kukujibu, beba kikapu chako uondoke.

Sikatazi mtu kutamani. Nimeishi na udhaifu wa wanadamu, na wangu ukiwemo, kiasi cha kujua kwamba nusu yenu mtaomba vilevile kabla chai haijapoa. Ninachoomba ni kidogo. Ukiona kilichokuangusha kimekwisha, ingia kwa miguu yote miwili: punguza zamu, waambie ndugu kwamba kwa mwaka huu hutatuma kitu na simu utapokea Jumapili tu. Watanuna. Kununa kwao kuna mwisho, na hakuandikwi kwenye fomu yoyote. Ukiona hakijakwisha, acha mwaka huu upite. Fanya kazi, rudia MCAT, tazama pia vyuo vya shahada ya DO (udaktari wa osteopathia), ambavyo vinatoa madaktari kamili na vina mfumo wao wa maombi, au kubali bila haya kwamba uuguzi ndio ulioupenda tangu zamani. Madarasa ya udaktari huku yana watu waliopita miaka thelathini, wengine wana watoto, na wanafunzwa moyo uleule na mapafu yaleyale.

Na shangazi akiuliza, mpe namba yangu. Nitaongea naye mimi.