Je, Kutengeneza Upya ni Kudanganya?



Swali ninalolileta mbele yenu safari hii sikulipata kitabuni. Nililipata katika banda la gari la mzee mmoja wa Marekani, jirani ya binti yangu, ambaye kwa miaka sita alikuwa akilitengeneza upya gari lililoundwa mwaka 1965. Swali lenyewe ni hili: mtu akichukua kitu cha zamani, akakifumua chote, akakitia vyuma vipya na kukiongezea vitu ambavyo hakikuwa navyo tangu mwanzo, je, kitu hicho bado ni kile kile? Na akikiita kwa jina, ni jina gani litakuwa la kweli?

Naomba msiharakishe kusema kwamba magari ya Wamarekani hayatuhusu. Nami nilidhani hivyo, mpaka swali hilo liliponigeukia mimi mwenyewe, kama mtakavyoona.

Mwezi wa Agosti 2023 nilikuwa nimekwenda kumtembelea binti yangu, ambaye ni muuguzi katika jimbo la Michigan, karibu na mji wa Detroit. Kutoka Detroit kwenda mji wa Pontiac iko barabara kuu iitwayo Woodward. Katika miaka ya 1960 vijana walishindana mbio za magari usiku katika barabara hiyo, na tangu mwaka 1995 wenye magari ya zamani hukusanyika hapo mwezi wa Agosti na kuyapitisha polepole ili watu wayatazame. Mzee jirani alitupeleka, nasi tukasimama kando ya njia tukiyasikia yakinguruma kama radi ya mbali.

Wenyewe huyaita magari ya misuli. Maana yake ni gari la umbo la kadiri lililotiwa injini kubwa kupita umbo lake. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kanuni kwamba magari yake ya kadiri yasitiwe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani kama lita 5.4. Wahandisi wa Pontiac, wakiongozwa na John DeLorean, waliizunguka kanuni hiyo katika magari yao ya mwaka 1964. Gari lenyewe walilisajili kama kawaida, ila mnunuzi aliyetaka aliweza kulipa fedha za ziada na kupewa injini ya lita 6.4. Fungu hilo la nyongeza waliliita GTO. Jina hilo nalo waliliazima kwa gari la Waitaliano, Ferrari, na maana yake ni kwamba gari limeidhinishwa kwa mashindano; la Pontiac halikuwa limeidhinishwa. Basi, hata gari linalosifiwa leo kuwa ndilo halisi lilizaliwa na jina la kuazima.

Gari la mzee jirani lilikuwa Pontiac LeMans ya mwaka 1965. Bodi yake ni sawa na ya GTO ya mwaka huo, lakini lilitoka kiwandani na injini ndogo zaidi, ya lita 5.3. Kaka yake alilinunua likiwa jipya, na alipofariki likabaki nje miaka mingi likiliwa na kutu.

Kazi aliyoifanya ilinistaajabisha, maana hakuwa fundi wa kusomea; alikuwa mtumishi wa posta aliyestaafu. Alilifumua gari mpaka ikabaki fremu tupu. Kila boliti aliitia katika mfuko mdogo na kuandika juu yake ilikotoka. Sakafu iliyoharibiwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji aliikata, akachomelea bati jipya. Mahali pamoja alinionyesha kazi ya fundi wa zamani, aliyejaza puti juu ya kutu na kupiga rangi nzuri.

“Huyu hakutibu, Mwalimu,” aliniambia, maana binti yangu alikuwa amemfundisha kuniita hivyo. “Alifunika kidonda tu.”

Neno hilo lilinichoma, na sababu yake nitaieleza.

Mambo mengine hakuyarudisha kama yalivyokuwa, bali aliyabadili makusudi. Petroli ya mwaka 1965 ilikuwa na risasi, nayo ilisaidia kulinda viti vya valvu visilike. Petroli hiyo ilipigwa marufuku kwa magari ya barabarani nchini Marekani mwaka 1996, kwa hiyo alitia viti vya chuma kigumu zaidi. Platini aliziondoa, akaweka mtambo wa elektroniki wa kuwasha plagi. Lakini badiliko kubwa lilikuwa breki. Gari lile lilikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne, ambazo zikipata moto sana hupoteza nguvu. Tena mafuta yote ya breki yalisukumwa kwa njia moja tu. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Mzee aliweka breki za diski mbele, na pampu ya breki yenye njia mbili, ili moja ikiharibika nyingine ibaki. Akaongeza na mikanda ya kupita begani, ambayo sheria ya Marekani ilianza kuidai kwa viti vya mbele vya magari mapya tarehe 1 Januari 1968.

Wenzake katika chama cha magari ya zamani walimlaumu. Walisema kwamba gari la mwaka 1965 sharti liwe la mwaka 1965, na anayelibadili anawavunjia heshima walioliunda. Hoja yao si ya kudharauliwa. Kitu cha zamani ni ushahidi, na anayegusa ushahidi yampasa aguse kwa hofu. Lakini mzee alijibu, “Mtoto atakayekatiza barabara mbele yangu hataniuliza breki zangu ni za mwaka gani.”

Naona alijibu vema. Kumbukeni pia kwamba General Motors wenyewe waliyapa magari yao ya mwaka 1967 pampu ya njia mbili. Kama walioliunda walikiri kwamba kazi yao ilikuwa na upungufu, sisi hatuwaheshimu kwa kuutunza upungufu huo na kuwapakia wengine ndani yake.

Swali la jina ndilo lililokuwa gumu. Injini ya zamani ilikuwa imepasuka, na mzee alinunua kwa mvunja magari injini ya lita 6.4 iliyotoka katika GTO iliyooza bodi. Sasa, kwa magari ya mwaka 1964 na 1965, GTO ilikuwa nyongeza tu, kwa hiyo namba ya gari haionyeshi kama ni GTO au siyo. Ni kuanzia mwaka 1966, GTO ilipokuwa gari la peke yake, ndipo namba zake zilipoanza na 242. Tena chapa ya Pontiac yenyewe ilifutwa mwaka 2010. Mtu akitia injini hiyo katika LeMans ya 1965, akabadili vifaa vichache vya nje na kubandika zile herufi tatu, mnunuzi asiyetafuta nyaraka za kiwandani hatatambua. Wako hata wanaosaga namba zilizogongwa kwenye chuma cha injini na kugonga nyingine. Tofauti ya bei kati ya LeMans na GTO ni kubwa.

Mzee alikuwa amekwisha kuzinunua herufi hizo. Zilikuwa ndani ya mtoto wa meza yake ya kazi, zimefungwa katika karatasi. Mke wake alikuwa mgonjwa, na deni la matibabu lilikuwa limewaelemea. Ndiyo sababu gari alilolipenda kuliko vyote alikuwa akiliuza. Nilikuwapo siku mnunuzi alipofika. Alilizunguka gari mara mbili, akafungua boneti, akauliza, “Hii ni GTO?”

Mzee alikaa kimya muda ambao mimi niliuona mrefu. Kisha akasema, “Ni LeMans. Injini ndiyo ya GTO, niliinunua kwa mvunja magari.” Akatoa daftari ambamo alikuwa ameandika kila alichokibadili, tarehe, na kilikotoka. Mnunuzi alisoma kurasa chache, akashukuru, akasema atakwenda kufikiri. Mpaka naondoka alikuwa hajarudi. Deni lilibaki palepale.

Walimu wa zamani tunapenda kuuliza wahenga wamesema nini. Mgiriki mmoja aitwaye Plutarch aliandika kwamba watu wa Athens waliitunza meli ya shujaa wao Theseus, wakiondoa kila ubao uliooza na kuweka mpya, hata wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni meli ileile. Mwingereza Thomas Hobbes, katika karne ya 17, akaongeza swali: je, kama mtu angeziokota mbao zilizotupwa na kuunda meli nyingine, ipi ingekuwa ya Theseus? Katika banda lile fumbo hilo lilikuwa limesimama mbele yangu, maana moyo wa gari moja ulikuwa ndani ya mwili wa jingine.

Mimi najibu kwa mfano wa kwetu. Nyumba ya babu yangu ilikuwa ya miti na udongo. Kila baada ya masika tulikandika upya, na mti ulioliwa na mchwa uling'olewa na kuwekwa mwingine. Nilipofika umri wa kwenda chuoni sidhani kama ulikuwapo mti mmoja aliousimamisha babu kwa mkono wake. Hata hivyo hakuna aliyesema si nyumba ya babu, wala hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa sote tulikandika mbele ya macho ya watu. Kubadilika kwake hakukuwa siri.

Basi nadhani ukweli wa kitu kilichotengenezwa upya haupimwi kwa kuhesabu vyuma vya zamani vilivyosalia. Unapimwa kwa habari inayotolewa juu yake. Unaweza kubadili mengi sana na ukabaki mkweli, ukisema ulichokibadili. Na unaweza kubadili kitu kidogo, kama kubandika herufi tatu tu, ukawa mwongo. Tena habari hiyo ni haki ya mnunuzi, si hisani tunayomfanyia, kwa maana yeye ndiye atakayekipanda, pamoja na watoto wake.

Mtu aweza kuuliza: daftari likipotea, je? Mmiliki wa tatu au wa nne aweza kulitupa na kubandika herufi zake. Ni kweli. Hatuwezi kuulinda ukweli mpaka mwisho wa dunia. Lakini kila mmoja anawajibika kwa siku ile kitu kinapotoka mikononi mwake.

Sasa nirudi kwenye neno lililonichoma. Mwaka 1994 nilikuwa na pikipiki. Fremu yake ilipasuka chini ya kiti. Fundi aliichomelea, akasaga, akapiga rangi, na mahali palipopasuka hapakuonekana tena. Nilimwuzia mwalimu mwenzangu. Aliponiuliza kama imewahi kupata ajali au kuvunjika, nilisema, “Haijaguswa hata kidogo.” Baada ya miezi minne fremu ilikatika kwenye mteremko, naye amempakia mwanawe. Mtoto alivunjika mkono. Nilikwenda kuwapa pole, nikawachukulia na machungwa, nikanyamaza. Nilinyamaza miaka ishirini na tisa.

Niliporudi kutoka Marekani nilimwendea. Yeye naye amestaafu, anafuga kuku. Nilimweleza yote, nami sikuweza kumtazama usoni. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mahindi ya kuku wake, halafu akasema:

“Kuichomelea hukukosea, Mwalimu. Chuma huchomelewa. Ungeniambia tu. Ningeinunua vilevile, ila nisingempakia mtoto.”

Nilimwomba radhi. Alisema amenisamehe, lakini akaniambia pia kwamba mwanawe, ambaye sasa ni mtu mzima, hawezi kuunyoosha mkono ule sawasawa, na kwamba yampasa asikie maneno hayo kwangu mwenyewe, si kwa baba yake. Anafanya kazi Morogoro. Nimekwisha mwandikia barua kumwuliza siku ambayo anaweza kunipokea, nami ninangoja jibu lake.

Nanyi, ndugu zangu, kabla hamjauza baiskeli, cherehani, kiwanja au ng'ombe, nawaomba mkumbuke lile daftari. Andikeni yote, hata yale ambayo rangi imeyafunika, kisha mpeni mnunuzi asome kabla hajahesabu fedha zake.