Ambianeni Kweli Kabla ya Kujaza Fomu



Wapendwa akina baba na akina mama, leo ukurasa wetu wa ndoa unazungumza juu ya fomu. Huenda mtashangaa, kwa maana mmezoea kusoma hapa juu ya uaminifu, ulevi, wakwe na malezi ya watoto. Lakini sisi makatekista tunaotembelea jumuiya ndogo ndogo hapa Malinya tunajua kwamba kuna majuma katika mwaka ambapo mume na mke hugombana kwa sababu ya fomu kuliko kwa sababu nyingine yoyote.

Majuma hayo ni ya katikati ya mwaka. Ritani za ushuru zinatakiwa ziwe zimefika KRA ifikapo tarehe 30 Juni. Wakati huo huo, kijana aliyepata nafasi ya chuo kikuu anahitaji kuomba mkopo na basari. Saiba zimejaa watu, mtandao unakatika, na nauli ya kwenda na kurudi mjini Kakamega inapanda kila mtu akikimbilia siku ya mwisho.

Basi kijana anaketi na wazazi wake na kusoma maswali. Baba anapata shilingi ngapi kwa mwezi? Mama anapata ngapi? Mnategemewa na watoto wangapi? Baba anasema, "Andika tu chochote." Mama anasema, "Mimi sina mapato." Kijana anajua kwamba mama huuza mboga sokoni Khayega na ana fungu lake katika chama. Anajua pia kwamba baba alichukua mkopo wa SACCO mwaka uliopita, na nyumbani hakuna aliyeambiwa ulikwenda wapi. Maneno yanaanza, na fomu inabaki bila kujazwa.

Mpendwa msomaji, fomu haikuleta ugomvi huo. Imeuliza tu jambo ambalo mume na mke hawajawahi kuulizana. Kuna watu waliofunga ndoa Kanisani, wakaishi pamoja miaka 20, wakazaa na kulea, na hakuna kati yao anayejua mapato ya mwenzake.

SERIKALI INAULIZA NINI

Yafaa kwanza tuelewe jambo lenyewe. Tangu mwaka 1995 Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, imekuwa ikiwakopesha wanafunzi. Zamani fomu ilikuwa ya karatasi, nayo ilizungushwa kwa chifu na kwa wadhamini. Siku hizi maombi hufanywa kwa kompyuta au kwa simu.

Mwezi Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya wenye mafungu matatu: ufadhili usiorudishwa, mkopo wa kurudishwa, na mchango wa familia. Mwaka 2024 familia zilipangwa katika makundi matano. Kundi la kwanza lilikuwa la wenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi. Hao walipangiwa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na familia ilipe asilimia 5. Kundi la tano lilikuwa la wenye zaidi ya shilingi 120,000 kwa mwezi. Kwao ufadhili ulikuwa asilimia 30, mkopo asilimia 30, na familia ilipe asilimia 40.

Wazazi wengi walilalamika kwamba watoto wao wamewekwa katika kundi lisilo lao, na nafasi ya kukata rufaa ikafunguliwa. Mwezi Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, na serikali ikakata rufaa. Kwa hiyo msitegemee habari za jirani wa mwaka juzi. Kila mwaka ulizeni upya utaratibu ulivyo. Lakini hata utaratibu ukibadilika, swali moja litabaki: nyumba hii inapata kiasi gani?

Juu ya swali hilo Maandiko Matakatifu yanatuonyesha nyumba tatu.

NYUMBA YA TOBITI NA ANNA

Katika Kitabu cha Tobiti tunasoma juu ya mzee mcha Mungu aliyepofuka macho. Mkewe Anna akaanza kufuma nguo ili wapate riziki. Siku moja wenye kazi walimlipa ujira wake na kumwongezea mwana-mbuzi. Tobiti aliposikia mbuzi akilia nyumbani, hakuamini maneno ya mkewe. Alidhani mbuzi ameibwa, akamwamuru amrudishe. Anna akamjibu kwa uchungu mkubwa (Tob 2:11-14).

Sasa tazameni jambo lingine. Miaka mingi kabla ya hapo Tobiti alikuwa ameweka talanta kumi za fedha kwa mtu aitwaye Gabaeli, katika nchi ya Media. Njia za kwenda huko ziliharibika, akashindwa kuzifuata. Maandiko hayatuambii kwamba Anna alijua. Yanatuambia kwamba Tobiti alimweleza mwanawe Tobia alipodhani kwamba kifo kimekaribia (Tob 4:1, 20). Ndipo ilipobidi kutafuta hati iliyoandikwa miaka 20 iliyotangulia (Tob 5:3). Kumbe hata mtu mtakatifu aweza kumshuku mkewe kwa ajili ya mbuzi mmoja, naye mwenyewe ana mali ambayo hajaitaja.

Baba, usiseme kwamba mshahara wako ni siri ya mwanamume. Hapa kwetu Idakho baba anaweza kukutajia bei ya fahali wa kupiganisha, na chakula anachokula kila siku, lakini karo ya binti yake hajui imebaki ngapi. Kama mkopo umemeza mshahara wako, mwambie mama watoto. Aibu ya siku moja ni nyepesi kuliko kumdanganya kila mwisho wa mwezi.

Mama, nawe fedha za chama si dhambi, ni bidii yako. Lakini usimwambie mtoto wako aandike kwamba huna kitu, huku yeye mwenyewe anakutumwa kila juma kupeleka mchango wako. Unamfundisha nini?

Najua kuna mama anayeficha kwa sababu akisema, fedha zitakwenda kwenye chang'aa. Hofu hiyo ina sababu. Kwa hiyo baba asimlazimishe mke kusema kwa makofi na matusi. Kwanza awe mtu wa kuaminiwa. Na kama ninyi wawili hamwezi kuketi bila kupigana, waiteni wasimamizi wenu wa ndoa, au wanandoa wazima wa jumuiya yenu, au mwendeeni padre.

NYUMBA YA ANANIA NA SAFIRA

Wengine watasema, "Sisi hatufichani, tunaelewana vizuri." Hilo ni jema, lakini mnaelewana juu ya nini? Anania na Safira walielewana kabisa. Waliuza kiwanja, wakazuia sehemu ya fedha, wakaiambia jumuiya ya waamini kwamba wameleta zote. Petro alimweleza Anania wazi kwamba mali ilikuwa yake na hakuna aliyemlazimisha. Kosa lao lilikuwa kupatana kusema uongo (Mdo 5:1-11).

Wapo wazazi wanaopatana namna hiyo juu ya fomu. Baba yuko hai, anafanya kazi Nairobi, lakini wanaandika kwamba amekufa. Wana duka na nyumba za kupangisha, lakini wanatafuta barua ya kusema kwamba ni maskini hohehahe. Wanasema, "Ni mali ya serikali, na serikali yenyewe inaiba."

Ndugu zangu, ni kweli wizi upo, nao ni dhambi kwa anayeiba. Lakini fungu la ufadhili si chemchemi isiyokauka. Katika jumuiya yako yupo mjane anayechuma majani ya chai ya watu kwa kibarua, na mwanawe amefaulu kama wako. Yupo yatima anayelelewa na nyanya yake. Ukichukua nafasi ya yatima kwa kumwita mumeo marehemu, siku ya Jumapili utampa yatima huyo amani ya Kristo kwa mkono gani?

Upande wa ushuru ni hivyo hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inafundisha kwamba kulipa kodi ni wajibu wa dhamiri. Kuna watu wenye mshahara ambao humwachia kijana wa saiba awajazie ritani ya wasio na mapato, ile wanayoiita "nil", kwa sababu ni ya haraka. Hiyo si kweli, na KRA yaweza kuiona, kwa maana mwajiri naye amepeleka hesabu zake.

Mama unayelea peke yako, wewe usiogope. Kama baba wa mtoto yuko hai lakini haonekani, eleza hivyo hivyo kwa chifu na kwa wahusika, uulize ni hati gani inayotakiwa. Kweli yako inatosha.

NYUMBA YA YOSEFU NA MARIA

Nyumba ya tatu ni Familia Takatifu. Kaisari Augusto alitoa amri kwamba watu wote waandikishwe. Yosefu akaondoka Nazareti, akaenda Betlehemu kuandikishwa pamoja na Maria, naye alikuwa mjamzito (Lk 2:1-5). Safari hiyo haikuwa rahisi, na serikali iliyoiamuru ilikuwa ya wageni. Lakini walikwenda wote wawili, wakaandikwa walivyo. Mwana wa Mungu alizaliwa katika safari ya kwenda kujiandikisha.

Basi hata kupanga foleni Kakamega kwa ajili ya mtoto ni sehemu ya wito wa ndoa. Msimwachie mmoja. Mara nyingi mama ndiye anayetembea kwa chifu, kwa mwalimu mkuu na kwa wadhamini, halafu baba anauliza tu jioni kwa nini haijakwisha.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, tengeni jioni moja, simu zikae mbali. Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kupiga hesabu (Lk 14:28). Chukueni daftari. Kila mmoja aandike anachopata, anachodaiwa SACCO, katika chama na dukani, na karo ya kila mtoto. Mkianza kukasirika, simameni kidogo, lakini msilale na hasira, kama Mtume Paulo anavyoonya (Efe 4:26).

Pili, wekeni hati zote katika mfuko mmoja ambao wote wawili mnajua ulipo: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, namba za PIN, hati za mshahara, na cheti cha kifo ikiwa mzazi mmoja ametangulia mbele ya haki.

Tatu, msingoje mwisho wa Juni. Mwenye mshahara achukue fomu ya P9 kwa mwajiri mapema. Hata kama ushuru ulikatwa tayari kwenye mshahara, ritani lazima iwasilishwe. Mtu binafsi akichelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Mkumbuke pia mtoto. Alipochukua PIN ili aombe mkopo, naye aliingia katika orodha. Hata kama hana mapato anapaswa kuwasilisha ritani yake ya "nil" kila mwaka. Vijana wengi wamekuta faini za miaka kadhaa zikiwangoja kabla ya kupata kazi. Msioelewa kompyuta, nendeni Huduma Centre mjini Kakamega mkaulize.

Nne, mwelezeni mtoto kwamba mkopo wa HELB ni deni. Kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza riba imekuwa asilimia 4 kwa mwaka, na malipo hutakiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Mtoto aliyeona hesabu za nyumbani kwao hataomba fedha za anasa akiwa chuoni, na hatadhani kwamba baba yake ni mchoyo.

Turudi kwa Anna. Tobia alipokuwa akiondoka kwenda kuchukua fedha zile, mama yake alilia. Alisema fedha zisiwe na thamani kuliko mtoto wao, na kwamba riziki waliyopewa na Bwana iliwatosha (Tob 5:18-20). Baba na mama, kumbukeni maneno yake mnapojaza fomu. Huenda mtasema kweli na bado mwekwe katika kundi lisilowafaa. Kateni rufaa kwa kweli hiyo hiyo. Huenda kijana atakaa nyumbani muhula mmoja mkitafuta. Hilo ni chungu, lakini atakuwa amewaona wazazi wake wakiwa kitu kimoja, nao hawakumfundisha uongo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA MUME NA MKE

1. Je, najua mapato na madeni ya mwenzangu? Yeye anajua yangu?

2. Ni jambo gani la fedha ninaloogopa kumwambia, na kwa nini?

3. Mtoto wetu akijaza fomu leo, atalazimika kuandika jambo lolote lisilo kweli kwa ajili yetu?

Mkimaliza, salini pamoja Baba Yetu, kisha mfungue daftari. Mungu azibariki nyumba zenu na watoto wenu walio shuleni.