HAKI YA BABA BAADA YA KUFA KWAKE

Killa sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba mauti na uhai; na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Hakuna nyumba isiyofikwa na msiba wa kuondokewa na mzee. Baba aliyekuwa akitoka alfajiri na jembe lake au mshipi wake, akirejea jioni na riziki ya wanawe, siku moja huchukuliwa juu ya jeneza, akaenda asirudi. Ndipo watoto huona mahali pake barazani ni patupu, wakajua kuwa kivuli walichokuwa wakikaa chini yake kimeondoka. Huzuni yao ni haki. Walakini mwana amkumbuke babake kwa jambo gani? Jawabu yake imo katika khabari ya Jabir bin Abdillahi, sahaba wa Madina.

Babake, Abdallah bin Amr bin Haram, alikuwa mmoja wa wakubwa kumi na wawili walioteuliwa katika ahadi ya Aqaba kabla ya Hijra. Alikuwa mtu wa mitende, mwenye binti wengi, na deni lilikuwa limemlemea. Usiku wa kuamkia vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), alimwita Jabir akamwarifu kuwa ajiona atakuwa katika watu wa mwanzo kuuawa, na kwamba baada ya Mtume hamwachi nyuma yake aliye mpenzi kwake kuliko yeye. Kisha akamwusia mambo mawili: amlipie deni lake, na awatendee wema ndugu zake wa kike. Hakuusia karamu, wala jengo juu ya kaburi.

Kulipokucha alikwenda, naye akauawa. Jabir akawa akifunua nguo usoni mwa babake na kulia. Watu wakamkataza, lakini Mtume s.a.w. hakumkataza. Shangazi lake, Fatima, naye akalia. Mtume akamjuza kuwa, alie au asilie, Malaika hawakuacha kumtilia Abdallah kivuli kwa mbawa zao mpaka alipoinuliwa. Basi machozi si dhambi. Lililokatazwa ni kujipiga mashavu, na kupasua nguo, na kuomboleza kwa desturi za kijahili.

Jabir alipokwisha kulia, aliushika wasia. Deni lilikuwa kubwa hata akaona kuwa mazao ya mitende ya miaka hayatalitosha. Mdai mmoja peke yake alikuwa akidai wasaki 30 za tende, na wasaki moja ni pishi 60. Jabir akamtaka muhula, mdai akakataa. Mtume akaenda kumwombea, akakataa vile vile. Mdai huyo alikuwa Yahudi, si Mwislamu; na juu ya hayo Mtume hakumlazimisha wala hakumpunguzia haki yake, kwani deni ni deni, awaye yote mwenye kudai. Mtume akaingia shambani, akapita kati ya mitende, kisha akamwamuru Jabir achume na alipe. Jabir akalipa wasaki 30 kamili, na zikabaki 17. Hiyo ilikuwa baraka ya Mwenyezi Mungu kwa mwana aliyenuia kumfungua babake.

Ama wasia wa pili, Jabir alikuwa kijana, naye akaoa mwanamke aliyekwisha kuolewa. Mtume akamwuliza kwa nini hakuoa mwanamwali. Akajibu kuwa babake ameacha mabinti, naye hakupenda kuwaletea msichana kama wao, bali mtu mzima wa kuwatunza na kuwalea. Mtume akamsifu na kumwombea baraka. Hivyo kijana alikumbuka amana ya babake hata katika kuchagua mke.

Na Jabir huyo huyo ndiye aliyepokea khabari ya maiti aliyeletwa asaliwe, naye ana deni la dinari mbili. Mtume akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Kesho yake Mtume akamwuliza kama amelipa. Siku alipojibu kuwa amelipa, ndipo Mtume akasema kuwa sasa ngozi ya maiti yule imepoa.

Na wazingatie haya wale ambao, baba yao akifa, huchinja ng'ombe na kupika wali wa arubaini, huku jina lake lingali katika daftari ya mwenye duka, na mjane wake hajui ale nini. Sharia imepanga: mali ya maiti hutoka kwanza gharama za kumzika, kisha madeni yake, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha ndipo warithi wagawane. Anayekula urithi kabla ya deni amekula haki ya watu, naye amemwacha babake katika kifungo.

Baba aliyefanya kazi umri wake wote ili wanawe wasiombe, haki yake ni wanawe wamwombee: dua killa baada ya sala, sadaka kwa niaba yake, kuwaunga jamaa na rafiki zake, na deni lake kulipwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee waliotangulia, ayatie nuru makaburi yao, na awape wana wao nguvu ya kutimiza walioyaacha. Amin.