Hofu na Furaha Kaburini: Tamati ya Injili ya Marko

Imani ya Kikristo ya ufufuo huzua swali la kimaadili: je, ni haki kumtaka aliyefiwa afurahi? Wapo wanaoshikilia kwamba tumaini la aina hii ni kasumba, kwani humnyamazisha mwenye kulia kabla hajamaliza kilio chake. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, matini yenyewe yaelekea kuijibu.

Katika hati mbili kongwe za karne ya 4, yaani Sinaiticus na Vaticanus, Injili ya Marko inakomea sura ya 16, aya ya 8. Wanawake watatu wanaarifiwa kwamba Yesu amefufuka, nao wanakimbia wakitetemeka na kunyamaza. Aya ya 9 hadi ya 20 huchukuliwa na wataalamu wengi kuwa nyongeza ya baadaye. Kifani, tamati hii haiharakishi furaha: habari njema imekwisha kutangazwa, lakini hofu nayo inapewa nafasi yake. Yohana naye, katika sura ya 20, anamsawiri Yesu aliyefufuka akiwa bado na alama za misumari. Ufufuo haukulifuta jeraha.

Kutokana na hayo, twaweza kudai kwamba tumaini la ufufuo si amri ya kukausha machozi. Ni ahadi iliyotolewa penye kaburi, nayo humwezesha mfiwa kuomboleza pasi na kukata tamaa. Hivyo basi, anayetaka kumfariji mwenzake kwa imani hii hana budi kwanza kukaa naye matangani.