Ndege ya Saa Sita na Robo Usiku

Mama mmoja muuza mapazia wa Kariakoo alikwenda Guangzhou kufuata mzigo, msimu wa maonyesho makubwa ya biashara ya Oktoba. Alipitia Dubai, na hesabu ya safari aliipiga mwenyewe. Kwenda, ndege inatoka Dubai 10:30 na kufika Guangzhou 22:00. Kurudi, inatoka 00:15 na kufika Dubai 04:55. Akatoa: kwenda saa kumi na moja na nusu, kurudi saa nne na dakika arobaini. Akawaambia wenzake dukani kwamba rubani akielekea nyumbani hukanyaga mafuta.

Kati ya miji hiyo ni kilomita 5,800 hivi. Kwenda ni saa saba na nusu. Kurudi ndiko kurefu, zaidi ya saa nane, maana pepo za huko juu huvuma kutoka magharibi: ndege ikienda zinaisukuma, ikirudi zinaikabili. Lakini tiketi huandika kila saa kwa saa ya mji husika, na Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa nne. Ukizitoa hivihivi bila kuzisawazisha, ni sawa na kutoa dirhamu kwenye yuani.

Kosa hilo lilichekesha tu. La pili lilikula mtaji.

Tiketi ya kurudi ilisema tarehe 22, 00:15. Akaisoma kama tunavyosoma wengi: saa sita na robo usiku, tarehe 22. Basi mchana wa tarehe 22 akashinda ghalani akisimamia ufungaji wa marobota, jioni akala kwa raha zake mtaa wa Xiaobei, na saa tatu usiku akawa yupo uwanja wa Baiyun, mapema kabisa. Dada wa kaunta akaifungua pasipoti, akaifunga, akaifungua tena. Mwanafunzi wa Kitanzania aliyekuwa mkalimani wake ndiye aliyepokea jibu.

“Mama, ndege yako iliondoka jana usiku.”

“Jana ilikuwa tarehe 21, mwanangu.”

“Ilipogonga saa sita usiku ikawa 22, mama.”

Ajabu ni kwamba mama huyo ni mtu wa pwani. Usiku wa Ijumaa kwake huingia Alhamisi jua likizama, na hajawahi kuukosea. Tiketi nayo ilitaka usiku unaotangulia, basi. Wakala makini angemwandikia kwa kalamu pembeni: toka hotelini tarehe 21 saa mbili usiku.

Kipande cha Dubai hadi Dar es Salaam nacho kilikwishafutwa, kwa kuwa abiria asipotokea safari moja, mashirika mengi hufuta na zinazofuata. Tena viza yake ilikuwa inaisha siku ileile, na sheria ya China inaruhusu anayezidisha muda atozwe yuani 500 kwa siku. Ndege ya 00:15 ilikuwepo usiku huo pia, ila hiyo ilikuwa ya tarehe 23. Kikapatikana kiti kimoja, kwa nauli ya mtu asiye na pa kukimbilia. Akalipa kwa pesa aliyoitenga kwa ushuru wa mzigo, akapita uhamiaji kabla ya saa sita. Tiketi ya Dubai kwenda Dar alikopeshwa na shoga yake wa Deira.