Kura ya Asiyeitambua Serikali

Lililonichokoza ni baraza moja la ardhi, huku Pwani. Watu walikuwa wameitwa kusikiliza habari za hatimiliki: nani atapimiwa, nani atangoja, na yule mwenye shamba ambaye hakuna aliyewahi kumwona amesema nini safari hii. Mzee mmoja mvuvi akasimama. Akauliza mbona jina la ukoo wake, uliozika wafu wake pale tangu enzi za babu, halimo kwenye orodha. Kijana aliyekuwa akiongoza kikao hakumjibu. Alimtupia swali lake mwenyewe: "Mzee, uchaguzi uliopita ulipiga kura?" Mzee akasema hakupiga, wala hajapata kupiga. "Basi kaa, baba. Waliopiga kura ndio wa kuzungumza hapa." Watu wakacheka. Mzee akakaa.

Kicheko kile kiliniudhi kuliko maneno ya kijana, kwa kuwa nusu ya waliocheka walikuwa maskwota kama yule mzee. Baraza lilipovunjika nilimfuata nikamuuliza kwa nini hapigi. Akanijibu bila hasira: "Mimi siitambui serikali hii, mwanangu. Nikenda kupanga foleni nitakuwa nimeitambua."

Kwa Pwani maneno hayo si mageni. Lile kundi la Mombasa Republican Council, lililopigwa marufuku mwaka 2010 na kufunguliwa na Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2012, liliijenga kauli yake ya "Pwani si Kenya" juu ya mkataba wa 1895 baina ya Waingereza na Sultani wa Zanzibar kuhusu ukanda wa maili kumi, na makubaliano ya 1963 yaliyoutia ukanda huo mkononi mwa Kenya. Kundi likawataka watu wake wasishiriki uchaguzi wa 2013. Kesi ya mkataba naiacha kwa wanasheria. Mzee wangu hakutaja mkataba wowote. Yeye hajaona ni lini alikubali kutawaliwa, na hataki kuwapa watu kisingizio cha kusema alikubali.

Ukiwatazama vizuri, mzee na kijana wameafikiana jambo moja bila kujua. Wote wawili wanaamini kwamba kura ni muhuri wa kuikubali serikali. Kijana anasema: hukupiga muhuri, huna mdomo. Mzee anasema: sipigi muhuri huo. Nina hakika kijana amekosea. Kuhusu mzee sina hakika.

Maana za maneno hazitatuchelewesha. Serikali ni mamlaka inayodai utii wa kila aliye ndani ya mipaka yake na yenye nguvu za kuulazimisha utii huo. Kuikataa si kuvunja kila sheria. Ni kusema kwamba amri haigeuki kuwa haki kwa sababu tu imetoka serikalini. Mwenye kutaka zaidi ya hapo, vitabu vipo.

Nianze na kijana, maana hoja yake naisikia kila mahali: kwenye matatu, msikitini baada ya swala, kwenye vipindi vya redio vya asubuhi, na siku hizi hata kwa wasomi waliopaswa kuwa na haya. Asiyepiga kura asilalamike. Inasemwa kama jambo ambalo halihitaji ushahidi.

Haya, imeandikwa wapi? Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha, kuandamana, na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka. Imesema kila mtu. Haikusema kila mpiga kura. Kifungu kinachofuata, cha 38, kinampa kila raia mtu mzima haki ya kujiandikisha na kupiga kura ya siri. Nacho kinasema haki, hakisemi wajibu. Haki ambayo usipoitumia unanyang'anywa nyingine haiwezi kuitwa haki. Hiyo ni ada ya kiingilio.

Tena, serikali yenyewe haifuati kanuni ya kijana. Mtoto wa darasa la tatu akinunua soda dukani analipa VAT ya asilimia 16 ndani ya bei ile, na hakuna anayemuuliza alimchagua nani. Mzee yule akishusha samaki wake anatozwa. Leseni ya uvuvi asipokuwa nayo anakamatwa. Ukifika wakati wa kuchukua, watu wote ni raia; ukifika wakati wa kusikiliza, raia ni wale waliopanga foleni. Kijana angekuwa mkweli, angemwambia mzee: kwa kuwa hukupiga kura, ushuru nao usilipe. Sijamsikia afisa yeyote akilifikisha neno hilo mwisho wake.

Kisha kuna Juni 2024. Bunge la Kitaifa lilipitisha Mswada wa Fedha tarehe 25 kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo vijana wakaingia ndani ya majengo ya Bunge. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Baadhi ya waliokuwa barabarani hawakuwa wametimiza umri wa kupiga kura uchaguzi wa 2022 ulipofanyika, na wengine walikuwa nao na hawakujisumbua. Waliambiwa maneno yale yale: mngepiga kura. Wapo waliouawa siku ile, na risasi haikuuliza ni nani alijiandikisha. Sidai kwamba maandamano ni bora kuliko kura, hilo ni suala jingine. Nasema kwamba wabunge 195 waliochaguliwa kihalali walikuwa upande mmoja, malalamiko ya watu yakawa upande wa pili, na yaliyousimamisha mswada ni malalamiko.

Lakini kinachonichoma hasa ni kwamba hoja hii haikusudii kumnyamazisha asiyepiga kura peke yake. Tazama inavyofanya kazi mtaani. Aliyemchagua mshindi akilalamika huambiwa: si ulimchagua mwenyewe, vumilia. Aliyemchagua aliyeshindwa akilalamika huambiwa: mlishindwa, kubalini matokeo. Asiyemchagua yeyote huambiwa alale na kimya chake. Wamebaki akina nani? Nimejaribu kumtafuta raia ambaye kwa hesabu hii ana ruhusa ya kufungua mdomo na sijampata. Wala kijana wetu hakuwa na njia ya kujua pale barazani nani alipiga kura na nani hakupiga; alichokuwa nacho ni neno la mzee tu. Mzee angesema uongo angeruhusiwa kuzungumza. Baraza lile lilimwadhibu mtu kwa kusema kweli.

Dhidi ya asiyepiga kura yapo mapingamizi mengine, yaliyo ya haki kuliko hilo la kijana. Asiyepiga kura humrahisishia kazi mgombea mbaya, na hilo ni kweli pale wagombea wanapotofautiana. Kura moja ni tone baharini, lakini kwa hoja hiyo hakuna ambaye angepiga. Na mwenye kuikataa serikali hutumia barabara zake na hospitali zake, jambo ambalo huwa zito kidogo pale barabara na hospitali zinapokuwepo.

Hapa nitatoka njiani, na anayetaka aruke. Siwezi kusikia habari za Mpwani asiyeitambua serikali bila kumkumbuka Mekatilili wa Menza. Serikali ya mkoloni ilianza kutoza kodi ya nyumba katika nchi hii mwaka 1901. Kwa Wagiriama, watu wa Mekatilili, ilitaka kodi, halafu ikataka vijana wao wakafanye kazi katika mashamba ya watu wengine, na mwishowe ikataka ardhi yao ya kaskazini ya mto Sabaki. Mwaka 1913 Mekatilili, mwanamke mjane, akazunguka vijijini akiwaapisha watu viapo vya kutowatii Waingereza. Alikamatwa pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili kabisa wa nchi, na mwaka 1914 wakatoroka wakarudi kwao. Agosti ya mwaka huo Waingereza wakailipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti.

Kinachonivutia ni kile kiapo. Kilikuwa ni kura ya namna yake, iliyopigwa na watu ambao hakuna aliyewaletea sanduku: mtu anasimama mbele ya wenzake na kusema wazi kwamba hataitii serikali hii, na anajifunga. Mwafrika wa kwanza kumchagua mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya alifanya hivyo Machi 1957, kwa viti vinane, na si kila Mwafrika: ilibidi uwe na elimu, kipato, mali au utumishi fulani, na mwenye sifa nyingi alipewa kura hadi tatu wakati jirani yake hana hata moja. Kati ya kodi ya 1901 na kura ya 1957 ni miaka 56. Muda wote huo serikali ilitawala, ikatoza, ikafunga na kunyonga bila kuhitaji muhuri wa mtu. Kwa hiyo anayesema kura ndiyo iliyoipa serikali mamlaka juu ya babu wa mzee wangu, historia ya mahali hapa inamkana. Mamlaka yalitangulia. Idhini ilikuja kuulizwa baadaye, kwa mlango wa nyuma, na kwa wachache.

Turudi kwa mzee. Je, akipiga kura ameitambua serikali?

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, mwaka 1689, alikwenda mbali zaidi ya hapo. Kwake yeye hata kupita barabarani ndani ya nchi ni kuikubali serikali yake kimyakimya. Mwanafalsafa mwingine, David Hume, akamjibu mwaka 1748 kwa mfano ambao mvuvi angeuelewa papo hapo: ni sawa na kusema kwamba mtu aliyepakiwa chomboni akiwa usingizini amemkubali nahodha, eti kwa kuwa hajirushi baharini akafa maji. Kama kukaa si kukubali, basi je, kukaa na kusema "tukipinda kushoto kuna mwamba" ni kukubali? Mimi naona si hivyo. Mtu anaweza kupiga kelele kuokoa shingo yake bila kumpa nahodha cheti. Lysander Spooner, mwanasheria wa Massachusetts aliyeikana Katiba ya Marekani waziwazi, aliliandika jambo hili mwaka 1870: mtu amejikuta amezungukwa na serikali asiyoiomba, anaona wenzake wanaitumia kura dhidi yake, naye anaitumia kujikinga. Huwezi kuchukua kujikinga kwake ukakuita kukubali. Tena, akasema, kwa kuwa kura ni ya siri, hakuna mtawala anayeweza kumwonyesha kidole yeyote na kusema huyu ndiye aliyenituma.

Kwa hoja hiyo mzee anaweza kupiga kura na imani yake ikabaki palepale. Ningependa niishie hapo. Uhispania hainiachi.

Novemba 1933, CNT, shirikisho kubwa la wafanyakazi wa Uhispania lililoongozwa na waanakisti, watu waliokataa mamlaka ya dola yoyote, liliwaambia wanachama wasipige kura. Vyama vya mrengo wa kulia vikashinda. Mwaka uliofuata uasi wa wachimba migodi wa Asturias ukazimwa na jeshi, na maelfu wakatiwa jela. Uchaguzi wa Februari 1936 ulipokaribia, muungano wa mrengo wa kushoto uliahidi kuwafungua wafungwa hao. CNT haikuifuta itikadi yake. Ilipunguza sauti tu. Wengi wa wanachama wake wakaenda kupiga kura, muungano ukashinda, na siku chache baadaye wafungwa wakawa nje. Nani atamwambia mama wa mfungwa kwamba ile kura ilikuwa usaliti? Mimi sitamwambia.

Ila mwaka ule haukuishia hapo. Julai jeshi likaasi, vita vikaanza, na tarehe 4 Novemba 1936 waanakisti wanne wakaingia baraza la mawaziri la waziri mkuu Largo Caballero. Juan García Oliver, aliyekaa jela miaka mingi, akawa Waziri wa Sheria. Federica Montseny akapewa Afya, mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini humo. Mei 1937 wenzao wa Barcelona walipokuwa wakipigana mitaani na askari wa serikali, wawili hao walizungumza redioni wakawasihi waache kupigana. Sababu ya kila hatua inaeleweka. Kura ilipigwa kwa ajili ya wafungwa. Uwaziri ulikuwa kwa ajili ya vita. Hotuba ya redioni ilikusudiwa kuokoa roho za watu. Nikizisoma hatua hizo moja moja sioni pa kusema "hapa walikosea". Nikizisoma pamoja namwona mtu aliyeikataa serikali maisha yake yote akiwaambia wenzake waitii, na hofu ya mzee wangu naiona si ya kijinga hata kidogo. Huenda kosa halikuwa katika kura, lilikuwa katika kiti. Huenda aliyeizoea kura huona kiti kuwa ni hatua moja tu mbele. Spooner hanisaidii hapa: hakuwahi kupewa wizara.

Uchaguzi mkuu wetu unaofuata, kwa mujibu wa Katiba, ni Jumanne ya pili ya Agosti 2027. Sina la kumwambia msomaji kuhusu apige au asipige. Ninalomwomba ni kwamba akimsikia mtu barazani akiambiwa akae kwa kuwa hakupiga kura, asicheke. Na mwenye kujua namna ya kuwatoa wafungwa wa Februari 1936 kwa kura bila kuufikia uwaziri wa Novemba, aniandikie.